RUBADA: ilipewa bonde zima, ikanyimwa mto

Mwaka 2017 Bunge la Tanzania liliifuta Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Mto Rufiji, maarufu kama RUBADA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Mwaka huohuo serikali ikatangaza zabuni ya bwawa la umeme la Stiegler's Gorge kwenye mto Rufiji, mradi ambao ndio hasa uliozaa mamlaka hiyo. Mkataba ukasainiwa Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kwa thamani ya takriban shilingi trilioni 6.5. Leo bwawa hilo linaitwa la Julius Nyerere, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na linaendeshwa na TANESCO, shirika la umeme la taifa. Yaani mamlaka ilisubiri kazi yake miaka 42, na kazi ilipofika, yenyewe ikazikwa.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kwa mkato: shirika la umma lililokula ruzuku, likazembea, likavunjwa. Sikatai kwamba uzembe ulikuwepo. Lakini uzembe hauelezi kwa nini chombo chenye sheria nzito namna ile hakikuweza kujenga hata bwawa moja la umeme katika bonde ambalo tayari lilikuwa linazalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Ukitaka kujua kama mamlaka ya maendeleo ya kanda itafanya kazi au itabaki ubao mlangoni, acha kwanza kusoma orodha ya majukumu yake. Uliza fedha za rasilimali ya kanda hiyo zinaingia mfuko wa nani.

Bonde lenyewe si dogo. Ni karibu kilomita za mraba 180,000, sawa na moja ya tano ya Tanzania Bara. Linaanzia nyanda za juu za Mbeya, Njombe na Iringa, linashuka na Ruaha Mkuu kupitia Usangu, linapokea Kilombero ambao ndio unaobeba maji mengi kuliko yote, kisha Luwegu kutoka kusini, halafu mito yote hiyo inabanwa kwenye korongo moja, lile la Stiegler's Gorge, kabla ya kusambaa tambarare za Utete na kuingia baharini kupitia delta yenye mikoko mingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Afrika Mashariki. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilishalipima bonde hili na kutoa ripoti yake mwaka 1961, kabla Uhuru haujatimia. Kila aliyelitazama aliona mambo yaleyale: umeme, umwagiliaji, kuzuia mafuriko.

Walioandika sheria ya 1975 walikuwa na mfano mbele yao. Dunia nzima wakati ule ilikuwa inaiga Mamlaka ya Bonde la Tennessee ya Marekani, TVA, iliyoundwa na serikali ya Franklin Roosevelt mwaka 1933 katikati ya mdororo mkuu wa uchumi. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka mmoja tu kwa kuunda mamlaka ya mto Tana mwaka 1974, na mwaka 1979 ikaongeza ya Bonde la Kerio na ya Bonde la Ziwa Viktoria. RUBADA ikapewa majukumu ya kuzalisha umeme wa maji, kudhibiti mafuriko, kuendeleza kilimo, uvuvi, misitu, utalii, viwanda, madini na usafiri wa majini. Ukiisoma orodha hiyo unaweza kudhani umeshika ilani ya serikali nzima.

Tatizo ni kwamba kilichoigwa kutoka Tennessee kilikuwa orodha. Injini iliachwa kulekule.

Inafaa tusimame kidogo kwenye injini hiyo, maana ndipo penye siri. TVA haikuwa ofisi ya kuratibu. Ilipewa fedha na Bunge la Marekani ikajenga yenyewe: bwawa la Norris lilianza mwaka uleule wa 1933 na kukamilika 1936. Ilipewa uwezo wa kutwaa ardhi kwa fidia, na iliutumia bila huruma nyingi, maelfu ya familia zikahamishwa. Jambo kubwa zaidi ni kwamba umeme uliotoka kwenye mabwawa ulikuwa wake. Iliuuza yenyewe, kwa bei nafuu, kwa vyama vya ushirika na manispaa. Kampuni binafsi za umeme ziliipeleka mahakamani na kushindwa. Baadaye, mwaka 1959, sheria ilirekebishwa ili shughuli zake za umeme zijitegemee kwa mapato yake na kwa hati fungani. Ndiyo maana iliweza kutengeneza mbolea, kupanda miti kwenye vilima vilivyomomonyoka na kupambana na malaria: kulikuwa na mita za umeme zinazosoma usiku na mchana, na ankara zilikuwa na jina lake.

Sasa rudi Rufiji. Mwaka 1975, mwaka wa sheria ya RUBADA, mitambo ya kwanza ya Kidatu kwenye Ruaha Mkuu ilianza kuzunguka. Mwenye mitambo alikuwa TANESCO. Kidatu ikapanuliwa hadi megawati 204, bwawa la Mtera likajengwa juu yake kuhifadhi maji, na mwaka 1988 Mtera yenyewe ikaanza kuzalisha megawati 80. Kihansi, megawati 180, ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1990. Vituo vyote vitatu viko ndani ya Bonde la Rufiji, na vyote ni vya TANESCO. Umeme uliotoka kwenye maji ya bonde haukuwa wa mamlaka ya bonde.

Wala simlaumu TANESCO. Ni shirika la taifa, lina gridi, lina wahandisi, na wakopeshaji wa nje walipenda kushughulika na mtu mmoja. Kuunda mzalishaji wa pili wa umeme katika nchi yenye umeme kidogo namna ile kungeonekana kioja. Lakini basi mtu angepaswa kusema wazi kwamba RUBADA itaishi kwa ruzuku ya bajeti, na ruzuku hiyo itakatwa kila mwaka mgumu. Miaka migumu haikuchelewa: vita vya Kagera 1978 na 1979, mafuta kupanda bei, kisha masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa.

RUBADA ikawekeza matumaini yote kwenye Stiegler's Gorge. Kampuni ya Hafslund ya Norway ilifanya upembuzi kwa msaada wa serikali ya nchi hiyo, na michoro ikatoka ikionyesha uwezo wa zaidi ya megawati 2,000. Hapo ndipo penye kichekesho. Mahitaji ya nchi nzima wakati ule hayakufikia hata robo ya hiyo. Hakukuwa na kiwanda cha kuutumia umeme huo, na hakukuwa na mkopeshaji wa kulipia bwawa ambalo ungelazimika kulitafutia wateja baada ya kulijenga. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mradi ulikuwa kabatini. Mwaka 2012 mamlaka iliutoa tena na kutia saini makubaliano na kampuni ya Odebrecht ya Brazil, ambayo nayo hayakuzaa zege.

Jambo moja la miaka ile ya upembuzi, hata hivyo, halistahili kusahaulika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishuka hadi tambarare za chini kuangalia watu wa kule wanaishije na mafuriko ambayo bwawa lingeyazuia. Walichokikuta kiliipinga picha ya ofisini. Huko mafuriko ni sehemu ya kalenda ya shamba. Mto hufurika kati ya Machi na Mei, unalaza tope jipya mashambani, na maji yakianza kupungua watu hupanda mahindi, kunde na mboga kwenye unyevu uliobaki, bila mvua na bila mfereji. Wenyewe wanakiita kilimo cha mlau. Familia huhamia mashambani na kukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo, kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori, nyani na ndege. Mwaka ambao mafuriko ni madogo, mlau nao huwa mdogo. Na mwaka ambao hayaji kabisa, mabwawa ya asili pembeni mwa mto hayajai na samaki hupungua. Kambamiti wa delta nao hutegemea maji baridi hayohayo.

Serikali ilishawahi kugombana na kalenda hiyo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, wakulima walihamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye miinuko ya kaskazini mwa mto. Wengi walirudi bondeni kila msimu, wakitembea mwendo mrefu kwenda mashambani, kwa sababu udongo wa mwinuko haukuwalisha. Chombo ambacho kwa sheria kilitakiwa kuunganisha umeme, mafuriko, kilimo na uvuvi kwenye meza moja kilikuwa RUBADA. Lakini mezani huheshimiwa aliyekuja na mfuko.

Miaka ya 1990 meza yenyewe ilianza kugawanywa. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi kuanzia mwaka 1993, Mtera ikashuka, mgawo wa umeme ukaingia majumbani, na lawama zikaelekezwa kwa wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu. Huo ulikuwa mgogoro wa bonde kwa maana kamili: maji ya juu, umeme wa katikati, hifadhi ya taifa baina yao. Ukipewa darasa ueleze kwa nini mamlaka za mabonde huundwa, ungechora Usangu ubaoni. Lakini aliyepewa kazi ya kugawa maji alikuwa ofisi mpya ya maji ya bonde, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1993 chini ya wizara ya maji, makao yake Iringa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaweka ardhi ya vijiji mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri yake. Wawekezaji wakawa na kituo chao cha uwekezaji. Mbuga zilikuwa za wanyamapori, misitu ya wenye misitu. Kila hatua hiyo peke yake ilikuwa na mantiki, na baadhi, kama ile ya ardhi ya vijiji, mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila hakuna aliyerudi kwenye sheria ya 1975 kuuliza sasa RUBADA inabaki na nini.

Ilibaki na udalali. Silitumii neno hilo kwa kejeli. Chombo kisicho na umeme, maji wala ardhi, lakini chenye muhuri wa serikali na ramani za bonde, kitajikuta kinawatafutia wawekezaji mashamba. Kilimo Kwanza, kampeni ya serikali ya 2009, na mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, uliozinduliwa 2010, viliipa kazi hiyo heshima mpya.

Shamba la Mngeta katika Bonde la Kilombero ndilo linaloonyesha jinsi kazi hiyo ilivyokwenda. Lilifyekwa kuanzia mwaka 1986 kwa ushirikiano wa Tanzania na Korea Kaskazini, kampuni ikiitwa KOTACO, ikalima mpunga hadi mwaka 1993 ikasimama. Shamba likabaki kwa RUBADA, na watu wa maeneo ya jirani wakaanza kulima ndani yake, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelitegemea ardhi nzuri ikikaa bila mwenyewe. Mwaka 2008 RUBADA ikaingia ubia na kampuni ya Uingereza, Agrica, wakaunda Kilombero Plantations Limited. Mwekezaji alileta mtaji. RUBADA ilileta hekta 5,818 na kupewa hisa chache. Mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Norway, Norfund, ulijiunga mwaka 2010.

Shamba lilifanya mambo ya kweli. Lilifunga mashine za umwagiliaji, likajenga kituo kidogo cha umeme wa maji, likafundisha maelfu ya wakulima wadogo kilimo shadidi cha mpunga, ile mbinu ya kupanda mche mmoja mmoja kwa nafasi, na mavuno yao yakapanda. Wageni wa SAGCOT walipelekwa pale kuoneshwa. Lakini waliokuwa wakilima ndani ya mipaka walipaswa kuondoka au kupunguziwa eneo, na manung'uniko ya fidia na ya ukubwa wa viwanja walivyopewa hayakwisha. Walioamua nani ana haki na nani ni mvamizi walikuwa wabia wa shamba lenyewe. Mamlaka iliyotakiwa kusimama kati ya mwanakijiji na mwekezaji ilikuwa imekaa upande mmoja wa meza, ikiwa na hisa mfukoni.

Kisha soko likaja. Mwaka 2013 serikali iliruhusu mchele wa nje kuingia bila ushuru ili kushusha bei mijini, na bei ya mchele wa ndani ikaporomoka. Kampuni iliyokopa kwa hesabu ya bei ya zamani haikunyanyuka tena sawasawa. Mwaka 2019 ilishindwa kulipa mikopo na shamba likaingia mikononi mwa wadai. RUBADA wakati huo ilishakufa miaka miwili nyuma, na hisa zake zilikuwa karatasi.

Kuna watakaosema kwamba hata ikipewa mapato, mamlaka ya aina hii itaharibika tu. Wana hoja, na hoja yao iko Kenya. Kule mamlaka za mabonde zilijenga kweli: ya Tana ilijenga Masinga na Kiambere, ya Kerio ikajenga Turkwel, bwawa lenye ukuta wa mita 153 lililokamilika mwaka 1991. Lakini mitambo ikaendeshwa na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, mgawanyo wa mapato ya umeme ukawa mzozo wa miaka, na gharama za Turkwel zililalamikiwa na wafadhili hata kabla ujenzi haujapamba moto. Baadaye Mamlaka ya Kerio ikajikuta kwenye sakata la mabwawa ya Arror na Kimwarer, lililomfikisha waziri wa fedha mahakamani mwaka 2019. Yeye na wenzake waliachiwa huru Desemba 2023. Kwa hiyo siuzi ndoto kwamba mapato ni dawa. Mimi ninachosema ni kidogo zaidi: chombo cha kanda chenye mapato kinaweza kuharibika, kisicho na mapato hakiwezi hata kuanza.

Tuje kwenye bwawa lenyewe. Hoja ya kukosa wateja iliyouzika mradi miaka ya 1980 haikuwepo tena. Nchi ilikuwa imekua, na serikali ya awamu ya tano, ya Rais John Magufuli, iliamua kulipa kwa fedha zake. Ujenzi ulipita ndani ya Selous, hifadhi iliyoko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1982, na kelele za nje zilikuwa nyingi. Maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingia gridi Februari 2024, na mwaka 2025 yote 9 ilikuwa tayari. Kwa umeme, ni mafanikio makubwa. Aliyekaa gizani kwenye mgawo wa 2023 hahitaji kuelezwa.

Halafu Aprili 2024 maji yakafunika Rufiji na Kibiti. Nyumba zilizama, mashamba yalisombwa, maelfu ya watu wakakimbilia miinukoni na madarasani. Wapinzani na wakazi walisema ni maji yaliyofunguliwa bwawani. Serikali ikajibu kwamba mvua za El Niño zilikuwa nyingi mno, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Inawezekana jibu la serikali ni sahihi kihaidrolojia. Bwawa lililojaa halina nafasi ya kumeza mafuriko, na maji ya ziada lazima yapite. Lakini ubishi wenyewe ulionyesha pengo. Bwawa la umeme hupenda kukaa limejaa. Mkulima wa mlau anataka mafuriko ya wastani yafike kwa wakati wake, yasiyozidi urefu wa nguzo za dungu, kisha yaondoke. Delta inataka maji baridi mwaka mzima. Matakwa hayo matatu yanaweza kupatanishwa kwa ratiba ya kufungua milango, na kuandika ratiba hiyo, kuwatangazia watu wa chini mapema, na kulipa fidia pale ratiba inaposhindikana, ni kazi iliyomo karibu neno kwa neno kwenye majukumu ya 1975.

Nani anaifanya sasa? TANESCO inaendesha mitambo, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji inatoa vibali chini ya sheria ya maji ya 2009, halmashauri za Rufiji na Kibiti zinapokea wahanga. Bodi ya maji ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi hiyo, kwa kuwa sheria yake tayari inatambua kwamba mto unapaswa kuachiwa maji ya kutosha mazingira. Inachokosa ni kilekile alichokosa marehemu RUBADA. Tozo kwa kila uniti inayotoka Julius Nyerere, hata iwe ndogo kiasi gani, ikiingia moja kwa moja kwenye mfuko wa bonde na siyo Hazina, ingelipia vipima maji vya juu ya Kilombero, maafisa wa tahadhari Utete na Ikwiriri, na barabara za kuwafikisha watu kwenye mashamba ya mlau. Haihitaji kufufua RUBADA. Inahitaji marekebisho ya kanuni za tozo za maji, ambayo ni kazi ya waziri wa maji na saini yake.